Baba yupo nyumbani, lakini hayupo: Nasaha kwa wazazi wa Kiislamu walioko ughaibuni

 

Ndugu Waislamu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona kuwa ni la watu wa mbali, kumbe linatuhusu sisi sote, tulioko hapa Arusha na walioko huko nje. Jambo lenyewe ni malezi ya mtoto wa Kiislamu ambaye mzazi wake anaishi ughaibuni na kazi yake ni ya kompyuta. Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Katika likizo ya Desemba 2024 alikuja Kijenge kijana wetu mmoja. Amezaliwa Kijenge Juu, amesoma Juzuu Amma katika madrasa yetu, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea kompyuta, na sasa anaishi Stockholm, nchini Uswidi. Kazi yake ni kuandika programu. Alikuja na mkewe na mtoto wao wa kiume mwenye miaka 7. Mtoto akawa anakuja madrasa kila jioni na watoto wa mtaani. Siku moja darasani nikamuuliza, kwa kumzoesha Kiswahili, baba yake anafanya kazi gani. Akajibu: "Baba anaandika. Akiwa anaandika, usimsemeshe." Nikamuuliza, anaandika saa ngapi? Akajibu: "Kila saa."

Watoto wakacheka. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Yeye hakucheka.

Usiku ule baada ya swala ya Isha alinifuata. Akasema: "Ustadhi, nataka nimwache huyu mtoto hapa kwa bibi yake, umsomeshe wewe. Kule anaharibika. Kiswahili hajui, Qur'an hajui, na mimi sina nafasi. Miaka mitano tu, kisha nitamchukua." Akaongeza kwamba gharama zote ni juu yake, na kwamba angemalizia paa la darasa letu la pili ambalo linavuja. Na mabati ya darasa la kwanza, ndugu msomaji, yeye ndiye aliyeyanunua.

Nilimwomba anipe siku tatu. Nayaandika hapa niliyomjibu, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kutafuta riziki si kosa

Kwanza kabisa, isije ikafahamika kwamba tunamlaumu mtu kwa kusafiri kutafuta riziki. Allah (s.w.) ameidhalilisha ardhi kwa ajili yetu na akatuamrisha tutembee katika pande zake na tule katika riziki yake (67:15). Wala ufundi si jambo la aibu kwa Muislamu. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na akafundishwa kutengeneza nguo za vita, na akaamrishwa apime vyema pete zake ili kazi iwe barabara (34:10-11). Anayeandika programu naye anapima pete. Pete moja ikikosewa, mnyororo wote hauna kazi.

Aidha, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachokitumia mtu kwa ajili ya familia yake, hali akitarajia malipo kwa Allah, huandikiwa kuwa ni sadaka. Kwa hiyo baba anayekaa mbele ya kompyuta ili wanawe wale halali yuko katika ibada. Hili tulikubali kwa moyo mkunjufu.

Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) ametufahamisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja mwanamume kuwa ni mchunga wa watu wa nyumbani kwake. Na katika Suratut-Tahrim Allah (s.w.) anatuamrisha tujilinde nafsi zetu na ahali zetu na Moto (66:6). Kulisha ni sehemu ya uchungaji, lakini si uchungaji wote. Hata mfugaji wa Kimasai hapo Monduli hasemi kwamba amechunga kwa sababu tu ng'ombe wameshiba. Anawahesabu, anawajua mmoja mmoja, na anajua yupi anayechechemea.

Kazi isiyokuwa na mlango

Kazi hii ya kuandika programu ina tabia yake, na asiyeijua hawezi kumpa nasaha anayeifanya. Mkulima wa migomba huko Moshono, jua likizama jembe analiweka chini. Muuza nyanya wa Soko Kuu akishafunga biashara yake anapanda kifodi anarudi kwake. Kazi zao zina mlango, mtu anaingia na anatoka. Kazi ya kompyuta haina mlango. Inamfuata mtu sebuleni, kitandani na mfukoni mwake. Programu anayoihudumia inatumika usiku na mchana, na ikiharibika saa nane za usiku simu inalia, kwani makampuni mengi ya aina hii yana zamu ya kuitwa usiku kama ile ya madaktari. Na hata simu isipolia, tatizo ambalo hajalitatua linazunguka kichwani. Mwili upo kwenye meza ya chakula, moyo upo kwenye mstari ule uliokataa kufanya kazi.

Wala tusidhani kwamba balaa hili linahitaji pasi ya kusafiria. Wapo vijana Nairobi, Kampala na hapa hapa Arusha wanaofanyia kazi makampuni ya Marekani bila ya kutoka chumbani. Inapokuwa saa tatu asubuhi San Francisco, hapa kwetu ni saa mbili usiku, na katika miezi yao ya kiangazi ni saa moja usiku. Yaani kikao cha kazi kinaanguka baina ya Magharibi na Isha au mara tu baada yake, wakati ule ule ambao baba zetu walitukalisha kwenye mkeka kutusikiliza sura. Mtu yuko Kijenge, lakini mwanawe analelewa kama mtoto wa msafiri.

Huyu mtoto wa Stockholm hakusema baba yake ni mbaya, wala hakulalamika. Alieleza tu anachokiona: baba yupo nyumbani, lakini hayupo. Na mtoto anayezoea kwamba baba hasemeshwi, ataacha kumsemesha. Ataanza kuacha akiwa na miaka 7. Akifika miaka 17 na baba akapata nafasi, huyo mtoto atakuwa ameshapata wa kumsemesha.

Familia ya Nabii Yaaqub (a.s.) ughaibuni

Katika Qur'an ipo familia iliyohamia nchi ya kigeni kwa sababu ya riziki. Nayo ni familia ya Nabii Yaaqub (a.s.). Njaa iliwasukuma kwenda Misri, na aliyewafungulia mlango ni mtoto wao Yusuf (a.s.), ambaye alikuwa mwajiriwa wa dola ya kigeni, aliyeomba asimamie hazina kwa sababu ni mtunzaji na mjuzi wa kazi hiyo (12:55). Kwa lugha ya leo tungesema familia ilimfuata kijana wao mtaalamu aliyepata kazi nje.

Sasa tuangalie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza ni mwanzo wake. Yusuf alipoota ndoto iliyomshangaza, hakwenda kwa kaka zake wala kwa marafiki. Alikwenda kwa baba yake (12:4). Na baba yake akamsikiliza, akaielewa, akamuonya na akambashiria. Mtoto hampelekei ndoto yake mtu ambaye hasemeshwi. Tujiulize, ndugu zangu, mwanao akiota leo, akitishwa shuleni leo, akiambiwa leo na wenzake kwamba dini yake ni ya ajabu, anamwendea nani?

La pili ni mwisho wake. Yaaqub (a.s.) alipofikwa na mauti, aliwakusanya wanawe akawauliza watamwabudu nani baada yake. Wakamjibu kwamba watamwabudu Mola wake na Mola wa baba zake Ibrahim, Ismail na Is-haka, Mola mmoja tu (2:133). Hakuwauliza watakula nini. Walikuwa katika nchi yenye ghala na mto Nile. Chakula kilikuwepo. Kilichokuwa hatarini ni kitu kingine, na mzee yule alikijua. Lakini tutanabahi: swali lile liliulizwa siku ya mwisho na likapata jibu kwa sababu lilikuwa limeshafundishwa kila siku kabla yake. Huwezi kuuliza siku ya kufa jambo ambalo hukulifundisha ulipokuwa hai.

Je, kumleta Kijenge ndio ufumbuzi?

Mtu anaweza kusema: basi kwa nini ustadhi asimkubali mtoto? Si Nabii Ibrahim (a.s.) alimwacha mwanawe Ismail na mama yake katika bonde lisilokuwa na mimea? Si Mtume wetu (s.a.w.) alilelewa na Bi Halima wa Bani Saad jangwani? Si mama yake Nabii Musa (a.s.) alimtia mwanawe mtoni?

Ni hoja nzuri, na zinastahiki jibu. Mama yake Musa alimwachia mwanawe kwa sababu ya kisu cha Firauni na kwa ufunuo wa Allah (s.w.), na Allah mwenyewe akamrudishia ili jicho lake litulie na asihuzunike (28:13). Bi Halima alimnyonyesha Mtume (s.a.w.) kwa ada ya Maquraishi ya zama zile, naye alikuwa yatima aliyekwishafiwa na baba, kisha akarudishwa kwa mama yake. Na Nabii Ibrahim alimwacha Ismail kwa amri ya Mola wake, si kwa kukosa nafasi.

Tena tuitazame dua aliyoiomba Ibrahim (a.s.) alipogeuza mgongo kuondoka (14:37). Aliomba mambo matatu, na kwa mpangilio maalum. Kwanza alitaja swala, kwamba amewaweka pale karibu na Nyumba tukufu ili wasimamishe swala. Pili aliomba nyoyo za watu ziwaelekee, yaani wapate jamii ya kuishi nayo. Tatu ndipo akaomba waruzukiwe matunda. Swala, kisha watu, kisha riziki. Wengi wetu tunapochagua mji wa kuishi tunaanza na la tatu: mshahara ni kiasi gani? Kisha, tukikumbuka, tunauliza kama kuna Waislamu. La swala tunaliacha litajitafutia njia lenyewe.

Wala Ibrahim (a.s.) hakuwa baba wa kutoweka. Alikuwa akirudi kumwangalia Ismail, na mwishowe baba na mwana waliinua pamoja misingi ya Al-Kaaba huku wakiomba dua moja (2:127). Kazi kubwa ya maisha yake aliifanya pamoja na mwanawe.

Kumpeleka mtoto kwa bibi yake si haramu, na wapo wenye dharura ya kweli: mgonjwa, mjane, aliyefukuzwa nchi, anayefanya kazi mbili na bado hatoshelezi pango. Hao Allah (s.w.) anawajua, na bibi zetu wa Kijenge wamelea vizazi kwa subira kubwa. Ninachokipinga ni kumtoa mtoto kwa wazazi wake wawili walio hai, wazima na wenye uwezo, kwa sababu tu mmoja wao hajui kufunga kompyuta.

Nilimuuliza kijana wetu: "Na mama yake anasemaje?" Akanyamaza kidogo, akasema: "Analia, lakini atakubali." Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alikemea vikali kumtenganisha mama na mwanawe, na hilo alilisema juu ya mateka wa vita. Ikiwa mateka anahurumiwa kiasi hicho, vipi mke wako wa ndoa?

Halafu tuseme ukweli kuhusu huku kwetu. Kijenge si Peponi. Mtoto wa Kijenge naye anashika simu mpaka usiku wa manane. Vijana wetu nao wanakaa vijiweni. Anayedhani kwamba hewa ya Mlima Meru peke yake inamfanya mtoto awe mcha Mungu, aje nimwonyeshe waliolelewa chini ya mlima huu tangu kuzaliwa na hawaijui njia ya msikitini. Mtoto hatengenezwi na mahali. Hutengenezwa na mtu anayekaa naye.

Kwa Mtume (s.a.w.) nafasi ilipatikana

"Sina nafasi." Hilo ndilo neno alilolisema kijana wetu, na tunalisema sote. Tumtazame basi aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko sisi. Mtume (s.a.w.) alikuwa kiongozi wa dola, kadhi, amiri jeshi na mwalimu wa umma, na wahyi ukimshukia. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Alimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kuhusu ndege wake aliyekufa. Na alikuwa akiingia katika swala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, asije akamtaabisha mama yake.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Swala, ambayo ni nguzo ya dini, ilifupishwa kwa sababu ya kilio cha mtoto. Je, kikao cha kazi ni kitukufu zaidi hata kisiweze kufupishwa?

Na Salman (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) amezama katika kufunga na kusimama usiku hata akamsahau mkewe, alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru wa kuipuuza familia, kazi ya mshahara itakuwaje udhuru?

Haki zilizolala

Jambo lililonishangaza zaidi ni nililolijua tulipokaa kuzungumza kwa kirefu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa baba likizo ya siku 3 za malipo mkewe anapojifungua. Uswidi wazazi hupewa siku 480 za malipo kwa kila mtoto, wagawane baina yao, na siku 90 kati ya hizo ni za kila mmoja wao peke yake, hawezi kumpa mwenzake. Aidha, mzazi ana haki ya kupunguza hadi robo ya saa zake za kazi mpaka mtoto atimize miaka 8, na mshahara hupungua kwa kadiri hiyo. Hali kadhalika, shule za nchi hiyo hutakiwa kumfundisha mtoto lugha inayosemwa na wazazi wake nyumbani, hata ikiwa ni Kiswahili, pindi wanapopatikana watoto watano katika manispaa wanaoihitaji na mwalimu akapatikana.

Nilimuuliza ametumia siku ngapi. Akasema chache sana. Siku nyingi alimwachia mkewe, na zake hakupenda kuzichukua, asije akaonekana mvivu mbele ya wenzake. Saa zake za kazi hajazipunguza hata moja. Ya somo la Kiswahili hakuyajua. Subhanallah! Nchi isiyokuwa ya Kiislamu imempa Muislamu haki ya kukaa na mwanawe, naye hakuichukua, kisha anasema nchi ile inamharibu mtoto. Tuwe waadilifu hata juu ya nafsi zetu (4:135). Si kila kinachotuharibikia ughaibuni kimeharibiwa na wenyeji.

Na kama ni msikiti, Stockholm upo msikiti mkubwa pale Medborgarplatsen uliofunguliwa mwaka 2000, katika jengo lililokuwa kituo cha umeme. Watu waliotangulia walichukua nyumba ya umeme wakaifanya nyumba ya swala. Anayekuja baadaye ana wajibu wa kumshika mwanawe mkono mpaka mlangoni.

Hekima iliyomo ndani ya kazi yenyewe

Nilimwomba anieleze mafundi wa kazi yao wanaagana nini wao kwa wao. Akanieleza kwamba mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah huko Marekani, wakatoa tamko ambalo limekuwa maarufu katika fani yao. Miongoni mwa misingi iliyoambatana nalo ni kwamba kazi iende kwa mwendo ambao watu wanaweza kudumu nao daima, si kwa mbio za kuvunja mgongo. Nikamwambia: Mtume (s.a.w.) alitufundisha zamani kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu hata ikiwa chache. Nusu saa ya kila siku na mtoto ni bora kuliko safari moja ya mbuga za wanyama kwa mwaka.

Akanieleza pia kwamba kosa katika programu likigunduliwa mapema hurekebishwa kwa dakika chache, lakini likiachwa mpaka programu iko mikononi mwa watu, gharama yake ni kubwa mno. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Na Mtume (s.a.w.) alituamrisha tuwafundishe watoto swala wakiwa na miaka 7. Mtoto wake ana miaka 7. Hiyo ndiyo siku yenyewe.

Tena akasema kwamba kwao hakuna fundi anayeruhusiwa kuingiza kazi yake kabla mwenzake hajaipitia na kuikosoa. Nikamuuliza: "Na malezi yako anayapitia nani?" Muumini ni kioo cha nduguye. Mke ni kioo, imamu ni kioo, na mtoto mwenyewe, kama tulivyoona darasani, ni kioo kisichojua kuficha.

Na sisi tulioko nyumbani

Itakuwa dhulma nikimaliza bila ya kutugusa sisi. Kijana akienda nje, mtaa mzima unamfanya benki. Harusi anachangia yeye, ada ya mpwa analipa yeye, msiba anatuma yeye. Hata misikiti na madrasa zetu hatubaki nyuma: saruji, mabati, zulia. Mimi mwenyewe nimemwandikia ujumbe wa kumwomba mabati, tena usiku, na sikumuuliza hata siku moja mwanawe amefika sura gani. Kila ombi letu ni saa moja zaidi mbele ya kompyuta, na saa hiyo inatoka kwa mtoto, kwa sababu ni mtoto peke yake asiyetuma ujumbe kudai.

Na nikiri lililo zito zaidi. Baada ya kuagana naye nilirudi nyumbani usiku, nikamkuta binti yangu amelala. Nasomesha watoto wa watu kila jioni mpaka Isha. Nikamuuliza mama yake amefika wapi katika hifdhi yake. Akanijibu: "Mwalimu wake ni wewe." Sikuwa na la kusema. Kumbe kazi isiyokuwa na mlango si ya kompyuta peke yake.

Jibu nililompa

Siku ya tatu nilimwambia: "Mwanangu, mtoto sitampokea. Baba yake yupo." Nikamuusia mambo manne, nami nawausia wasomaji wote walio katika hali yake.

Kwanza, iwepo swala moja ya kila siku ambayo baba anaiswalisha nyumbani na mtoto yuko nyuma yake au pembeni yake. Achague kwa kuangalia majira, kwani Stockholm mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, na mwezi wa Juni linazama karibu saa nne usiku. Wakati wa baridi Alfajiri inawezekana kabla ya shule. Wakati wa kiangazi ataangalia iliyo nyepesi kwa mtoto. Na kwa siku zile ambazo giza haliingii sawasawa, afuate makadirio ya wanazuoni wa msikiti wa huko.

Pili, kompyuta na simu ziwekewe mlango. Ufikapo wakati waliokubaliana, zifungwe na ziwekwe chumba kingine. Zamu ya kuitwa usiku ikiwepo, mtoto aelezwe mapema kwamba wiki hii baba ana zamu, ili aijue kuwa ni zamu na si tabia.

Tatu, achukue haki zake za mzazi ambazo sheria imempa, na aridhike na mshahara utakaopungua. Riziki ni ya Allah (s.w.), na amana ya mtoto ni yake yeye.

Nne, Kiswahili kizungumzwe nyumbani bila ya kuona haya, na bibi apigiwe simu na mtoto mwenyewe. Tofauti ya saa ni mbili tu, na kiangazi ni moja. Hakuna udhuru.

Akaniuliza: "Na madrasa, ustadhi?" Nikamwambia nitamsikiliza kwa simu kila Jumamosi asubuhi, kwa sharti moja: baba akae pembeni yake na yeye asome aya zile zile.

Waliondoka KIA wote watatu. Bibi alilia, kisha akasema alhamdulillah. Tangu hapo mtoto amevuka Suratul-Maun na anaendelea. Baba naye, ambaye alikuwa amesahau nusu ya alichohifadhi utotoni, anarudia nyuma yake, na mara nyingine mtoto ndiye anayemsahihisha. Jumamosi moja baba alichelewa kidogo, nikamsikia mtoto akiita kwa sauti: "Baba, funga, ustadhi yuko hewani." Nikasikia kompyuta inafungwa.

Mshahara wake umepungua, na michango yake pia imepungua, kama nilivyotarajia. Paa la darasa la pili bado linavuja, na mvua za masika tunawahamisha watoto upande mmoja. Sijutii. Atakayetaka kutusaidia na atusaidie, ila asilete mabati yaliyonunuliwa kwa saa za mwanawe.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, atulindie vizazi vyetu popote walipo, na atukutanishe nao Peponi kama alivyotukutanisha duniani. Amin.

Wabillahi tawfiq.